Milango Isiyo na Msumari

Nilipopewa kazi ya kukarabati nyumba za barabara ile ya zamani pale Bukoba, inayoteremka kuelekea ziwani, watu walidhani nimefurahia cheo. Nilikuwa fundi mkuu wa useremala, nikiwa na mafundi wanane chini yangu. Kweli nilifurahi, ila sababu yangu ilikuwa nyingine, na sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Baba yangu ndiye aliyetengeneza milango ya nyumba zile, kabla ya Uhuru. Alikuwa seremala kutoka Nshamba, mtu mpole, aliyeongea na mbao zaidi kuliko alivyoongea na watu. Milango ilipokwisha, tajiri mwenye nyumba hizo alimpenda, akataka kumpa kazi nyingine zote za mbao za barabara ile bila kupitia kwa nyapara aliyesimamia mafundi. Nyapara huyo alikuwa Mhaya mwenzetu, mtu wa mjini, mwenye saa ya mkononi na maneno mengi. Wiki ile ile mbao za mvule zilipotea stoo, zikakutwa nyuma ya chumba alichopanga baba. Nani aliziweka pale, mtaa mzima ulijua. Lakini kwenye baraza la gombolola, lililohukumu kesi zetu, aliyekuwa na maneno ni nyapara, na baba hakuwa nayo. Alichapwa viboko, akafungwa miezi sita. Alipotoka alirudi kwenye kibanja chake, akapalilia migomba na mibuni, na hakushika tena randa. Nyapara naye akaanza kuwaambia wageni kwamba milango ile ni kazi ya mikono yake.

Mimi useremala niliusomea kwenye karakana ya misheni. Lakini siri ya milango ya baba nilifundishwa naye mwenyewe, na bila mbao. Alikata kipande cha mgomba, akakichonga kwa kisu cha kumenyea ndizi, akanionyesha jinsi mlango wake unavyosimama bila msumari na bila bawaba ya chuma: ncha mbili zinazozunguka ndani ya matundu, juu na chini, na kabari moja iliyofichwa nyuma ya ubao wa urembo. Usipoijua kabari, mlango hautoki wala haurudi.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona, Tata."

Akakitupa kile kipande kwa mbuzi.

Basi nyumba zikataifishwa, wapangaji wapya wakaingia, na miaka kadhaa ya mvua za kwetu ikazila. Lipu ilibanduka, mabati yakatoboka, nguzo za baraza zikaoza miguuni. Mji ukaamua barabara itengenezwe kabla ya sherehe za Uhuru. Ikaundwa kamati ya ukarabati, na mwenyekiti wake akawa nani? Yule yule nyapara. Sasa alikuwa mzee, mwenye fimbo na beji ya chama kifuani, akiishi katika mojawapo ya nyumba hizo. Siku ya kwanza alitukusanya barazani.

"Ndugu zangu," alisema, "kazi hii naijua. Milango hii niliichonga mimi mwenyewe nikiwa kijana. Kuweni waangalifu nayo."

Mafundi walimpigia makofi. Mimi pia nilipiga. Hakunijua, kwani aliponiona mara ya mwisho nilikuwa mgongoni kwa mama.

Nilifanya kazi ile kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao kabla wala baadaye. Nguzo zilizooza tulizikata, tukaunga mbao mpya. Kuta tulizipaka chokaa. Milango niliitoa mmoja mmoja kwa mkono wangu, nikaisafisha, nikaipaka mafuta, nikairudisha. Kila jioni mwenyekiti alipita akigonga mbao kwa fimbo yake. "Vizuri, kijana," alisema. "Mimi nilitumia miezi mingi kwa mlango huu." Nilimjibu, "Ndiyo, mzee." Nikahesabu siku.

Mlango wa nyumba yake niliuacha wa mwisho. Asubuhi ya uzinduzi ulikuwa bado umeegemea ukuta wa baraza, na kabari yake ilikuwa imelala juu ya kiti, mahali pa wazi kabisa. Mgeni wa heshima kutoka mkoani alifika, akatembezwa, akasifu. Walipofika kwenye nyumba ile akauliza kwa nini mlango haujapachikwa.

Nilisogea mbele. "Tumeuacha makusudi, mheshimiwa. Fundi aliyeutengeneza zamani yu hai, na ndiye mwenyekiti wetu. Tulitaka aupandishe mwenyewe, vijana wajifunze."

"Wazo zuri sana!" alisema mgeni. "Ndugu mwenyekiti, tuonyeshe."

Watu walishangilia. Mzee alinitazama, na nadhani ndipo alipoanza kuutafuta uso wa baba ndani ya uso wangu. Akavua koti. Vijana wawili wakamsaidia kuinua mlango. Aliusukuma huku, akausukuma kule. Ncha ya chini iliingia, ya juu ikagoma. Jasho likamtoka. Aliitazama kabari pale kwenye kiti, asijue ni kitu gani. Kisha akasema maneno ambayo nimekuwa nikiyala kama asali tangu siku ile:

"Leteni misumari."

Mafundi wangu wanane waliangua kicheko. Walikuwa wameshika milango ile kwa wiki nyingi. Walijua hakuna hata msumari mmoja ndani yake.

Nikaichukua kabari. Nikaupandisha mlango kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Nikamgeukia mgeni nikataja jina la baba yangu na kijiji chake, nikasema alifungwa miezi sita kwa mbao alizowekewa na mtu huyu.

"Kijana," mzee alininong'oneza, "unanivunjia heshima yangu."

"Ya kwako iko wapi?" nilimjibu kwa sauti, wote wasikie.

Uenyekiti ulimtoka kabla ya mwezi kwisha. Watoto wa mtaani walimpa jina la Mzee Misumari. Akaacha kukaa barazani, halafu akauhama mtaa kabisa, akaenda kuishi Ijuganyondo, pembeni ya mji. Nami nilijitafutia sababu za kupita huko, nione tu madirisha yake yalivyofungwa mchana.

Nilikwenda Nshamba kumsimulia baba. Alinifanya nirudie mara tatu.

"Akasema misumari?"

"Alisema misumari, Tata."

Alicheka hadi akashika ubavu. Mama aliyekuwa akimenya ndizi hakucheka. "Na ile miezi sita imerudi?" aliuliza.

Baba alitangulia kufa, Mzee Misumari akafuata. Nilikwenda kwenye msiba wake; mke wangu alidhani nakwenda kutubu. Mpwa wa marehemu alisimama kusoma historia yake, na alipofika kwenye maneno "fundi aliyechonga milango ya barabara ya zamani," nilisimama katikati ya waombolezaji.

"Huo ni uongo," nilisema.

Watu waliguna. Mke wangu alinivuta shati. Mjane, aliyekuwa ameketi chini karibu na jeneza, aliinua kichwa akanitazama bila hasira yoyote.

"Tunajua, mwanangu," alisema. "Hata yeye alijua. Alikuwa akiota kuhusu baba yako. Sasa keti, tumzike."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa ngumi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Niliketi. Mpwa akaruka mstari ule, akaendelea kusoma.

Njiani kurudi mke wangu alitembea mbele yangu, hakunisubiri. Watu wameniuliza kama nilijuta. Ninachojutia ni kimoja: baba hakuwepo kumsikia mjane yule akisema, "Tunajua."