Maabara Isiyoona Taifodi

Mwenzangu alisema tatizo letu ni mtaji. Alisema asubuhi tukifungua, akarudia mchana tukila wali maharage kwa mama ntilie wa stendi, na mimi masikio yalikuwa yameshachoka. Maabara yetu hapa Nyakanazi ni chumba kimoja chenye darubini, mashine ndogo ya damu na benchi la wateja, ambalo mara nyingi hukaliwa na madereva wa malori wanaongoja kuzibiwa tairi. Tulisoma chuo kimoja, tukafungua pamoja. Sasa alikuwa amempata mtu wa Mwanza aliye tayari kuweka fedha tununue mashine kubwa, mradi naye awe na sauti katika kazi.

"Hiyo mashine kubwa itafanya nini?" nilimuuliza. "Itawaambia watu hawana kitu kwa haraka zaidi?"

Hilo ndilo lililokuwa linatuua. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na maabara nyingine, chumba kibovu kuliko chetu, na benchi lake lilijaa tangu asubuhi. Kule hakuna aliyetoka mikono mitupu. Ukikosa malaria, una taifodi. Mtu aliyetoka kijijini Runazi kwa bodaboda hapendi kuambiwa ni mzima. Mkulima mmoja aliyatupa majibu yake mezani kwangu akauliza, "Umenitoa damu bure?" Nikamweleza jinsi kile kipimo cha haraka cha taifodi kinavyodanganya, kwamba ukiwahi kuugua zamani kinaweza kukuonyesha mgonjwa leo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akavuka barabara.

Mtu wa Mwanza alipokuja, vifaa vyetu alivitazama juu juu tu. Alisimama mlangoni akiangalia benchi la ng'ambo.

"Wale wanafanya nini ambacho nyinyi hamfanyi?"

Mwenzangu alinitazama mimi. Jibu nililokuwa nalo halikufaa kusemwa mbele ya mgeni. Mgeni akatuachia wiki moja ya kufikiri.

Kabla wiki haijaisha, mama yangu akaja akilalamika kichwa na mgongo. Nilimpima kila nilichoweza kupima. Alikuwa mzima, ila alikuwa amepalilia maharage siku nyingi mfululizo, na umri nao umeenda. Nilifurahi mno.

"Mama, huna kitu. Pumzika tu."

Akashukuru, akaenda kununua chumvi. Alirudi na chumvi na mfuko wa dawa.

"Nina taifodi," alisema kwa Kisubi, lugha yetu ya nyumbani, ameridhika kabisa. "Wale wanajua kazi."

Hasira zilinipanda. Nikamweleza yote niliyomweleza yule mkulima, naye akanisikiliza kwa adabu ileile.

"Mwenzako aliniambia mnatafuta fedha," akasema. "Nilikuja kukwambia nauza ng'ombe nikuongezee. Sasa siuzi. Mashine yako imekunywa damu yangu na haikuniona, mwanangu."

Akatoa vidonge viwili, akaomba maji. Nikamnyang'anya vile vidonge na mfuko wake, mama yangu mzazi, mbele ya madereva. Hakugomba. Alijifunga kanga vizuri, akachukua chumvi yake, akavuka barabara kununua vingine.

Mwenzangu alikuwa ameinama, anajifanya anafuta darubini.

"Tumjibu nini mtu wa Mwanza?" aliuliza.

"Mwambie ukweli," nilisema. "Mwambie hata mama yangu anapimwa ng'ambo."