Gasuku amenililia mbele ya jumuiya

Leo kasuku wetu, jina lake Gasuku, amelia kwa sauti yangu mbele ya jumuiya nzima.

Ilikuwa zamu ya nyumba yetu kusalisha. Mama aliniambia nimfunike Gasuku kwa kitenge ili asisumbue, nami nikasahau. Nilikuwa napanga mabenchi huku natazama mlango kila dakika (mnanijua mimi na wageni).

Katikati ya rozari akaanza kulia kwa kwikwi. Kilio changu kabisa, hadi ninavyovuta kamasi. Maana nikitoka shule nimeumia moyoni, ni yeye ninayemlilia.

Halafu akasema, "Gasuku, humu ndani wewe tu ndiye unayenisikiliza."

"Kumbe na kasuku ana mzigo wake," mzee mmoja akasema. Watu wakacheka.

Mama hakucheka. Aliendelea na Salamu Maria, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Wageni walipoondoka nikakimbilia chumbani. Nikachungulia kwenye pazia, nikamwona mama amekaa karibu na tundu la Gasuku, anampa karanga.

"Gasuku," akamwambia polepole, "mwambie na mimi nina masikio."

Jamani, bado niko nyuma ya pazia. Ninyi mngetoka mkasemaje?