Neno la Mama Kuhusu Tanuri

Usiku ule nililala mapema, nimeridhika na nafsi yangu, jambo ambalo kwangu ni nadra. Mchana wake nilikuwa nimewashinda wenzangu sita kwenye kikao, na mmoja wa hao sita ni binti yangu wa kumzaa.

Kikao kilikuwa cha kuchagua tanuri. Sisi ni wanawake saba tunaofinyanga vyungu huku milimani Upareni, na miaka yote tunachoma juu ya ardhi tu. Tunavipanga vyungu, tunavifunika kwa kuni, nyasi na majani makavu ya migomba, tunawasha, halafu tunazunguka na fimbo ndefu tukimeza moshi mpaka jioni. Safari hii alikuwa amejitokeza mtaalamu wa kujenga matanuri, na asubuhi iliyofuata angekuja kupima uwanja. Alitupa tuchague: tanuri la umeme, au la matofali, linalotumia kuni na lenye dohani ya kutolea moshi. Tukiyakataa yote mawili anakwenda kijiji kingine, na harudi tena. Uwanja wenyewe uko shambani kwangu, kwa hiyo bila mimi hakijengwi kitu, na mimi nilitaka tubaki na moto wetu.

Binti yangu Nakunda alilitaka lile la matofali. Alieleza vizuri, ingawa kikohozi kilimkatiza mara mbili tatu. Nikaona wenzangu wanaanza kulainika. Hapo nikatamka maneno ambayo sikuwa hata nimeyapanga: "Mama kabla hajafa aliniachia neno. Alisema moto wake usibadilishwe." Nakunda akainamisha kichwa. Marehemu utambishia vipi?

Huyo Mama ni mama mkwe wangu. Nilipoolewa nilikuwa sijui hata kukanda udongo, na yeye ndiye aliyenifundisha, mimi na karibu wafinyanzi wote wa huku. Siku zote nilizomjua alikuwa anakohoa. Kwetu kinaitwa kikohozi cha mfinyanzi, na msichana akikipata tunampongeza kwamba sasa ameingia kwenye kazi. Nakunda nilimpongeza hivyo hivyo, tena kwa kicheko. Lakini neno la kuniachia, Mama hakuniachia. Wiki zake za mwisho hakuweza kuongea. Pumzi ilimtosha kuishi tu, na baadaye ikawa haitoshi.

Basi nikalala.

Nilijikuta uwanjani, mchana mweupe, vyungu vimepangwa tayari kwa kuchomwa. Nilijua ni vyangu, lakini vilikuwa vingi kuliko nilivyofinyanga maisha yangu yote, vimeteremka mpaka bondeni. Nikainama niwashe, kibiriti kikakataa. Nikahisi kuna mtu nyuma yangu. Kugeuka, Mama ameketi juu ya gogo, miguu ameinyoosha, kanga kiunoni, na udongo umemkaukia mikononi.

Sikuogopa. Kulikuwa na kitu kingine kilichonishtua, na ilinichukua muda kukitambua: nilikuwa simsikii. Mama ulimsikia kabla hujamwona, kifua kikipiga filimbi tangu yuko njiani. Sasa yuko hatua mbili kutoka kwangu, na pumzi yake inaingia na kutoka bila sauti yoyote. Kifua kinapanda, kinashuka. Nikapiga magoti. Sikutaka aniambie kitu, nilitaka tu niendelee kumwangalia akipumua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Inuka, tuna kazi."

Ananishika mkono, na tunaingia ndani ya moto. Sijui nani ameuwasha. Ni moto wetu ule ule wa juu ya ardhi, ila sijawahi kuuona kwa ndani. Hauniunguzi. Upepo unapanda kutoka bondeni na kuulaza upande mmoja. Vyungu vya huku vimekuwa vyekundu, vya kule bado vina rangi ya udongo mbichi, na kimoja kinapasuka karibu na goti langu. Moshi, ambao siku zote niliamini unapanda juu na kupotea, naona unashuka. Unawafuata wanawake waliosimama na fimbo, unawaingia mdomoni mmoja mmoja, na wao wanaendelea kupiga soga na kucheka. Mmoja wao ni mimi.

Mama anavuta mkono wangu.

Tumo ndani ya chumba kidogo cheupe chenye mlango wa chuma. Hakuna kuni wala moshi, kuta zenyewe ndizo zinazowaka. Vyungu vinakuwa vyekundu, kisha vinakuwa na rangi ya chungwa, vyote kwa pamoja, vya juu na vya chini sawa, na kimya chake ni kikubwa mpaka naogopa kusogeza mguu. Katika maisha yangu sijaona kitu kizuri kama kile. Nikawaza, kumbe tanuri ndilo hili. Nikamtazama Mama nione kama naye ameshangaa, lakini yeye ameshachukua chungu kimoja kwa mikono mitupu, na hatumo tena mle chumbani. Tuko jikoni kwake. Chungu kiko kwenye mafiga, na ndani yake kuna makande. Makande yanataka moto wa saa nyingi, yeyote aliyelelewa Upareni anajua. Haya hayajaanza hata kuchemka. Nasikia kitu kinakatika, ufa unapanda kutoka kitakoni mpaka mdomoni, na maji yanamwagika na kuzima moto.

Mama anaokota kigae na kukigonga kwa ukucha. Kinalia kwa sauti kali na nyembamba.

"Huu moto umeukaza udongo mno, ungefaa sahani," anasema. "Sisi ni watu wa chungu cha kupikia."

Sijamjibu, na tayari tumerudi uwanjani. Pale tunapochomea siku zote limesimama tanuri la matofali, limekaa kana kwamba lilikuwepo kabla yetu. Mama anachuchumaa mbele ya mdomo wake na kulisha kuni, moja, nyingine, bila haraka. Moto unaingia chini, unapita katikati ya vyungu, unaitafuta dohani. Upepo unavuma vile vile, lakini umebaki nje, haupati pa kuingilia. Mama anaziba tundu kwa kigae, na ndani moto unatulia. Anakiondoa, unanyanyuka. Anachomoa ukuni mmoja, na vyungu vinabaki na wekundu wa kahawa iliyoiva mtini, havizidi hapo. Nimefanya kazi ya moto zaidi ya nusu ya umri wangu, na sijawahi kuona moto ukimsikiliza mtu namna ile. Moshi unapita juu ya migomba, juu ya paa langu, unakwenda zake.

Anatoa chungu kimoja, anakigonga, na sauti inatoka nene, ile aliyonifundisha kuitafuta. Nililia. Lakini mimi ni mtu wa kubisha hata usingizini.

"Huu si moto wako, Mama."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Angekasirika ningejua la kusema.

"Nani alikwambia naupenda moshi?"

Nikautazama moshi unaopita juu ya migomba.

"Nilichoma juu ya ardhi kwa sababu sikuwa na matofali," akasema. "Nikakohoa, mkanipongeza."

Kisha akavuta pumzi. Majani ya migomba yanainama kumwelekea, nyasi zinalala, nguo yangu inavutwa mbele, na bado anavuta. Nikaelewa, bila kuambiwa, kwamba zile ni pumzi zote alizozikosa akiwa hai, anazichukua mbele yangu ili nizione zilivyokuwa nyingi. Nilishika ardhi kwa mikono miwili. Alipoziachia, uwanja wote ukatulia, na vyungu vikatoa mlio mdogo, vyote kwa pamoja mpaka kule bondeni.

"Umewaambia nilikuachia neno," akasema. "Haya, sasa nakuachia. Mwambie mjukuu wangu anaumwa."

Nikaamka nimekaa kitako, shuka limelowa machozi. Nje kulikuwa kumeshapambazuka. Nakunda, ambaye bado anaishi kwangu, alikuwa jikoni anachochea moto wa chai. Nilikwenda vile vile nilivyo, bila hata kunawa uso, nikamsimulia ndoto yote tangu gogo mpaka lile neno. Nikamwambia tukimalizana na mtaalamu tunakwenda zahanati, siku ile ile, na kwamba sitaki kusikia tena mtu akikiita kile kikohozi kazi. Likabaki moja, nikalitoa. Nikamwambia maneno ya jana niliyatunga mwenyewe.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Bibi alikuwa hawezi kuongea. Si mimi niliyekuwa namnywesha uji?"

"Na mbona hukusema kwenye kikao?"

Alinimiminia chai kwanza, akaniwekea kikombe mkononi. "Mama, ningesimama mbele za watu niseme mama yangu ni mwongo?"

Niliona aibu mpaka nikakaa chini. Kile kichwa alichokiinamisha, mimi nilidhani nimemshinda. Alikuwa amekubali aendelee kuvuta ule moshi ili mimi nisiaibike.

Pikipiki ya mtaalamu ikasikika inapanda mlima, na wenzetu walikuwa wameanza kufika uwanjani. Nakunda akasema atawasimulia yeye ile ndoto, mimi ninywe chai. Nikamkatalia. Nilimwambia nitasema mwenyewe, na nitaanza na uongo wangu, ndoto itafuata, kwa sababu nikitanguliza ndoto watanisamehe upesi mno.