Werema na Dume wa Mwisho

Mume wangu Werema ni fundi wa kuhasi mafahali, na hapa Ntimaru hakuna anayemshinda. Ana koleo lake la chuma. Anabana kushoto, anabana kulia, na damu haitoki hata tone. Miaka thelathini watu wamekuwa wakimletea mafahali wao, na kila mmoja huleta yule bora: mkubwa, mpole, mwenye shingo nene. Ng'ombe wa kulima si ndiye huyo? Utafunga plau kwenye shingo ya kitu kidogo kidogo? Yule mdogo huachwa azurure na majike, maana hana kazi nyingine.

Mimi ni Mjaluo wa Karungu, kule ziwani, ng'ombe nimewajulia huku nilikoolewa. Kwa hiyo msinibane sana kwa maswali.

Taabu ilianza Gisiri, kifungua mimba wetu, alipompenda Nyangi. Baba ya Nyangi, mzee Nyamohanga, akaja kuangalia ng'ombe wa mahari. Akazunguka zizi lote, akakohoa, akasema, "Mzee mwenzangu, mimi niliomba ng'ombe. Hawa mbuzi unanionyesha wa nini?"

Yawa! Aibu niliyoiona siku hiyo, sijawahi kuiona tena. Aliwakataa wote isipokuwa dume mmoja mwekundu wa miaka miwili, ambaye ule mwili sijui aliutoa wapi. Akasema atarudi baada ya miezi miwili, na tusipomridhisha, kuna mtu ng'ambo ya mpaka anayemtaka Nyangi pia.

Gisiri hakula siku mbili. Mwanamume mzima, mrefu kama mlingoti, analia kwa sababu ya msichana! Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia.

Werema naye akaanza kutafuta mchawi. Mara ni jirani ametupiga jicho, tukaita watu wa kanisa wakaomba. Mara ni majani, tukanunua chumvi na dawa ya minyoo. Ng'ombe wakanona kidogo, lakini kimo kilibaki kile kile. Kisha nikatembea kwa majirani nikatazama mazizi yao, na kumbe kila mtu ana vifupi kama vyetu. Sasa nani huyo aliyeroga kijiji kizima, na yeye mwenyewe anafuga nini? Kichwa kikaniuma.

Ndipo akaja Caren, binti kutoka Mbita, ziwani kama kwetu, afisa wa mifugo, kuchanja. Werema akamweleza shida yake. Caren akauliza, "Mzee, baba ya hawa ndama ni nani?"

"Huyo pale." Akamwonyesha kile kidume chetu chenye miguu ya kuku.

"Na baba ya huyo?"

"Mwingine kama huyo."

"Na wale wakubwa waliozaliwa pamoja nao?"

"Niliwahasi," Werema akasema kwa majivuno. "Wote. Wa kwangu na wa kijiji."

Caren akachagua maneno. "Mzee, chakula kina sehemu yake, sikatai. Lakini ukubwa pia hurithiwa. Ukimhasi mkubwa, ukubwa wake unaishia kwake. Anayezaa ni yule mdogo, na anazaa wadogo wenzake. Mwaka mmoja huoni kitu. Hesabu vizazi vya miaka thelathini."

Werema alichemka! "Mtoto wa watu wa samaki ndiye atanifundisha ng'ombe?"

"Baba Gisiri, nami ni mtu wa samaki," nikamwambia, "na kwetu ni hivyo hivyo. Wavu unashika wakubwa, wadogo wanapenya wakazae. Baba yangu alikuwa akilalamika kwamba samaki siku hizi wanapevuka wakiwa kama kiganja." Nikajiona nimeelewa. Halafu nikamtazama mwanangu, nikapotea tena. "Lakini Caren, kama ni kurithi, mbona Gisiri ni mrefu na sisi wawili ni vibeti?"

Caren akacheka. "Kila mtoto huchanganywa upya, mama. Mara mojamoja kwa wafupi anatoka mrefu, kama huyu dume mwekundu. Mwacheni huyu apande majike. Siwaahidi kitu, lakini mwacheni."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu siku hiyo zilisokotana. Mtu afanye kazi nzuri miaka yote hiyo, asifiwe, apewe hata kuku wa shukrani, kumbe anaharibu? Werema aliondoka akinung'unika. Ila kesho yake nilimwona anamfungulia mwekundu aingie kwa majike, na kile kidume kidogo akakifunga kamba.

Wiki tatu baadaye Nyamohanga akarudi. Akasema atawapokea hao vifupi, basi tu, mradi mwekundu awemo. "Na umhasi mwenyewe, leo hii. Nataka wa kulima, na mkono wako unajulikana."

Werema akasihi, mimi sijawahi kumsikia akisihi. Akamtolea maksai wetu wawili badala ya huyo mmoja. Nyamohanga akawatazama meno. "Hawa ni wazee. Nataka mwekundu, au nimwite yule wa ng'ambo."

Gisiri ndiye aliyekuwa ameshika kamba ya dume. Akasema, "Baba."

Werema akachukua koleo. Akabana kushoto, akabana kulia. Dume akaguna, damu haikutoka. Nyamohanga akamsifu, wakashikana mikono, na mimi nikapiga vigelegele huku machozi yananitoka, na haki ya Mungu sijui nilikuwa nalia nini.

Nyangi ni mtoto mzuri, ana adabu, ananichotea maji. Mwanangu anakula. Sina lawama.

Lakini Werema anashinda kwenye zizi akiwapapasa majike matumbo. Nilimpigia Caren simu, akasema ni mapema mno kujua, tungoje.

Jana nikamwuliza, "Baba Gisiri, tuseme mmoja ameshika mimba. Tuseme azaliwe dume, awe mkubwa kama baba yake. Utamfanya nini?"

Aliendelea kumpapasa jike tumbo. Tuna wavulana wengine wawili wa kulipiwa mahari, na yule anayemfuata Gisiri tayari ameanza kunyoa ndevu.