Karatasi ya Mama Kadidja Mbele ya Baraza

Mama Kadidja hakuwa mtu wa mikutano. Alikuwa mtu wa mikate, ile ya kukaangwa asubuhi na mapema, na pale mtaani, kwenye avenue yake, watu walisema fundi asiyeonja mikate ya Kadidja siku hiyo atapiga msumari kwenye kidole. Alizaliwa humu humu Kisangani, kwenye ukoo wa Waislamu waliofika na biashara enzi za mababu. Akaolewa, akafiwa na mume, akalea watoto watano kwa sufuria moja la mafuta. Sufuria hilo ukiligusa bila ruhusa, ole wako!

Sasa mikate inataka unga, na unga unataka maji, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Robine ya avenue, lile bomba la maji la watu wote, ilikuwa imekauka miezi saba. Wanawake walishuka mpaka chemchemi ya bondeni na kupanda tena kilima na ndoo kichwani. Goti la Kadidja lilikuwa limekataa kazi hiyo waziwazi. Alikuwa amekwisha kuamua moyoni, bila kumwambia mtu: robine isipotengenezwa msimu huu, anaacha mikate. Alipowaza hivyo aliogopa, maana hakujua kazi nyingine, wala hakuitaka.

Wa kutengeneza robine ni baraza la zone, yaani la ile sehemu ya mji. Mwaka ule wa themanini na tatu lilikuwa linakaa mara mbili tu kwa mwaka, na kila mara Jumamosi mbili, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia. Desturi ilikuwa nzuri. Kabla ya kuanza, Président anauliza: "Nani iko na neno?" Mwenye neno anasimama, analisema, sekretere analiandika kwa chaki kwenye ubao mweusi. Huo ndio ordre du jour, orodha ya mambo ya siku hiyo. Neno lisiloingia ubaoni linangoja miezi sita. Basi Kadidja alitayarisha neno lake wiki nzima, akalijaribu mbele ya unga akiukanda, na unga haukumpinga.

Jumamosi ya kwanza watu walijaa ukumbini na majembe yao yenye matope. Président alikuwa Citoyen Lifoko. Siku zile kila mtu aliitwa Citoyen, yaani raia, na majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa, ila mama yake bado alimwita Hilaire nyuma ya nyumba. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Lakini siku hiyo alisimama na hakuuliza nani iko na neno. Alitoa karatasi, akasoma sheria mpya: kuanzia leo, neno haliingii ubaoni mpaka liandikwe, litiwe sahihi na mwenyewe, na limfikie sekretere kabla ya Jumatano jioni. Kila karatasi iliyofika kwa wakati itasomwa yote mbele ya baraza. Bila karatasi, hakuna neno. Baraza lilikuwa tayari kusikia maoni ya wakaaji, halafu lipige kura.

Mama yangu! Ukumbi ulichemka.

"Mara ya mwisho tulipoteza masaa matatu juu ya mbuzi moja!" Lifoko alijitetea.

"Ile mbuzi ilikula muhogo yangu yote!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Papa Alfani, mshonaji wa makoti, alisimama taratibu. "Citoyen Président, mimi naandikaka na sindano tu. Mudomo yangu imekosa nini?"

Mwanafunzi mmoja wa chuo alisema sheria ni nzuri, kwani neno lililoandikwa halipotei. Hapo akainuka Françoise (marufuku ya majina haikumfika sokoni), jirani wa Kadidja, mwuza samaki wa moshi kutoka Yanonge, mikono kiunoni. "Bon! Mama zetu walinyimwa masomo. Sasa munawanyima na mudomo? Watabakia na nini, masikio?" Watu walipiga makofi mpaka majembe yakaanguka.

Wakabishana hivyo alasiri nzima. Ubao ulibaki mtupu. Mwisho madiwani walipiga kura, na sheria ikapita kwa tofauti ya kura mbili tu. Kadidja alitoka na neno lake bado mdomoni, amekasirika mpaka goti likasahau kuuma.

"Tutafute mwanafunzi akuandikie," Françoise alimwambia njiani.

"Shida iko yangu, halafu aandike mwengine? Nitaandika mwenyewe."

"Wewe, yaya, dada yangu mkubwa? Tangu lini?"

Tangu utoto. Baba yake alimfundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kurani, kutoka kuume kwenda kushoto, jinsi alivyowaandikia ndugu zake wa Kasongo. Watoto wa Kadidja walisoma shule ya Kifaransa, wakazicheka herufi hizo, naye akaziacha. Tangu jioni hiyo alikaa mkekani na kalamu. Mkono ulikuwa mzito mwanzoni, kisha ukakumbuka, naye akafurahi peke yake kama mtu aliyeokota pete yake.

Habari hazina mguu lakini zinakimbia. Jumanne Papa Alfani alikuja: amwandikie daraja la mtaro, limeoza. Françoise akaleta paa la soko linalovuja. Mpaka Jumatano Kadidja alikuwa na maneno kumi na moja kwenye karatasi nne, la robine likiwa la kwanza. Akaandika jina lake chini na kuzipeleka mwenyewe kwa sekretere, zimekunjwa vizuri.

Jumamosi ya pili sekretere alizikunjua. Akazigeuza. Akazigeuza tena. Watu wakaanza kucheka.

"Citoyen Président, hii... haisomeki."

"Itupwe!" akasema diwani mmoja.

Kadidja alisimama. "Karatasi iko? Iko. Sahihi iko? Iko. Ilifika Jumatano? Sekretere alipokea na mukono yake. Sheria yenu inasema kila karatasi itasomwa yote. Alors, musome!"

Lifoko aliisoma sheria yake tangu juu mpaka chini. Hakukuwa na mstari hata mmoja unaotaja herufi gani. Akajikuna kichwa. "Mama, hii ni luga gani?"

"Kiswahili, Citoyen. Ile unaniuliza nayo."

"Na nani anajua kuisoma?"

"Mimi hapa."

Basi ikabidi mtu aliyetunga sheria ya kufunga midomo amwite mwanamke mbele aseme kwa mdomo. Ukumbi ulipiga vigelegele. Kadidja alianza kwa sauti ya kutetemeka: robine, miezi saba, ndoo, kilima. Alipofika kwenye daraja la Papa Alfani sauti ilikuwa imesimama imara, na watu wakasogea mbele, maana hawakujua kwamba mwuza mikate wao ana kitu hicho ndani yake. Yeye mwenyewe alikuwa karibu amesahau. Aliona fahari, na hakuificha.

Lifoko alifungua kifungo cha shingoni, akacheka. "Bon. Mama Kadidja, umetushinda." Akapendekeza sheria ibaki, ila asiyejua kuandika aje Jumatano aseme, na sekretere aandike. Mikono yote ikapanda. Chaki ikaandika robine, namba ya kwanza, na baraza likaikubali pale pale. Lifoko akamwambia Kadidja sasa anaweza kukaa.

"Bado karatasi mbili, Citoyen."

"Lakini tumekwisha kukubali!"

"Sheria ni sheria," Kadidja akasema, akaendelea kusoma mpaka jina lake pale chini.

Wiki ya tano mafundi walikuja. Maji yalitoka mekundu, yakakohoa, kisha yakawa meupe, na wanawake wakamsukuma Kadidja mbele na ndoo yake. Akainama, akatazama maji yakipanda, machozi yakamtoka.

"Unalia nini, yaya?" Françoise akauliza.

"Nilikuwa nimekwisha kuiaga ile kazi," akasema. "Sikuambia mutu. Nilisema maji isiporudi, naacha mikate."

Wanawake wakaweka ndoo chini, wote kwa pamoja.

"Uache mikate!" Françoise akalipuka. "Bila kutuuliza? Ile nayo ungeileta kwa baraza!"

Kadidja akacheka na machozi yake usoni, wakacheka wote, na ndoo ikajaa ikamwagika miguuni mwao bila mtu kukumbuka kufunga robine.