Dakika Ishirini Jikoni kwa Mama Mkwe

Elysée alikuwa mtu wa kupanga. Ofisini mwake kulikuwa na kalenda mbili, moja ukutani na moja ndani ya kompyuta, na kila Jumatatu alihakikisha kwamba zinakubaliana. Hapo karibu na bandari ya Kalemie aliandika programu za kutunza orodha za abiria na mizigo kwa wenye boti. Kwa hiyo alipojikuta ameahidi mambo mawili katika wiki moja, hakuona hatari. Aliona kazi ya kupanga.

Ahadi ya kwanza alimpa mkewe Adrienne, mwalimu wa shule ya msingi: likizo ya familia, kijijini kwa mama yake, upande wa Moba. Ahadi hiyo ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Kila Julai, shule zikifungwa, boti moja au nyingine ilipoteza orodha yake ndani ya kompyuta, na Elysée akabaki kuitafuta huku Adrienne akifungua tena mabegi aliyokuwa ameyafunga.

Ahadi ya pili aliwapa watu wa Lubumbashi, kwenye mkutano wa waandishi wa programu. Mara mbili alikuwa ameomba kuzungumza pale, na mara mbili wakamjibu kwamba maombi ya mwaka huo yalikuwa mengi na mazuri, wasiongeze neno juu ya ombi lake. Mwaka huu walimkubali. Dakika ishirini, Jumamosi, saa nne asubuhi. Mada: namna ya kuandika programu inayoendelea kufanya kazi mahali pasipo na mtandao. Hakuna mtu wa Kalemie aliyewahi kuzungumza pale, na Elysée alilikumbuka jambo hilo mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri.

Jumamosi yenyewe iliangukia katikati ya likizo.

"Nitume video?" alimuuliza Viviane, msimamizi wa mkutano.

"Hapana, Papa. Mwaka jana waliotuma video hawakujibu maswali. Wewe piga simu tu, sauti inatosha. Picha zako ziko kwangu. Ukisema 'geuza', nageuza."

Ndipo akampigia Anatole, mdogo wake Adrienne, aliyeishi hukohuko kijijini, kuulizia mtandao wa simu.

"Shemeji, rezo iko huko?"

"Rezo? Iko mingi! Si njo maana unanisikia?"

Alimsikia vizuri kabisa. Hakufikiri kumuuliza amesimama wapi.

Walitakiwa kufika Jumanne. Mashine ya boti ilikuwa na mawazo mengine, wakafika Ijumaa jioni, Bijou, binti yao wa miaka saba, akiwa ametapika mara nne, na Elysée akiwa ameshika simu juu kichwani kama mtu anayevuka mto na kitu kisichotakiwa kulowa. Hakuna kitu. Alizunguka nyumba waliyopewa. Akapanda kichuguu. Akapanda kilima. Kilimani alipata mwiba.

"Anatole. Ile rezo mingi."

"Iko, Shemeji. Inapita katikati ya ile milima miwili, inaanguka pahali pamoja tu. Kijiji kizima tunapigia hapo."

"Pahali gani?"

"Ku jiko ya mama."

Elysée alikaa chini. Kwa Anatole, jiko la mama yake lilikuwa jiko. Kwa Elysée lilikuwa mahali pekee duniani ambapo hakuruhusiwa kutia mguu. Mkwe na mama mkwe hawatazamani. Akitokea njiani, unaingia majanini. Akisimama, unaangalia miguu yako. Jikoni kwake huendi hata kama kunaungua. Hali hiyo huendelea mpaka ukoo wa mke ukupokee kwa sherehe yake, na sherehe hiyo ingekuwa imekwisha kufanyika zamani kama Elysée angekuja likizo mwaka wowote kati ya ile mitatu. Adrienne alimkumbusha jambo hili mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, nayo ilitosha.

"Tuifanye kesho asubuhi," alisema Elysée. "Mapema."

"Inataka mashangazi wa Kiambi," alisema Adrienne. "Toka kule batafika kesho asubuhi na nini?"

"Basi mama atoke kidogo. Dakika ishirini."

Adrienne alikwenda, akarudi.

"Mama anasema mukwe amefika, lazima kesho ale kuku. Na kuku ya mukwe anaipika yeye mwenyewe, si muntu mwingine. Kama tungefika Jumanne ungekuwa umeshaikula. Anauliza, hao batu ya Lubumbashi hawawezi kungoja kuku iive?"

Hawakuweza. Elysée alilala akiwa na orodha ya njia tisa kichwani, na kulipokucha zote zilikuwa zimekufa isipokuwa ya Anatole, jambo ambalo lenyewe lilipaswa kumtisha. Anatole alitundika mkeka chini ya paa la jiko, kutoka nguzo hadi nguzo. Upande huu wangemweka mkwe kwenye kigoda, akiupa mkeka mgongo. Upande ule mama mkwe, Mama Blandine, angepika kuku wake. Hawangeonana. Mama Blandine alikubali, akahamishia upande wake chumvi, maji, mwiko, nyanya na kila kitu ambacho mpishi anaweza kukihitaji ghafla. Alikuwa mwanamke mwenye kuona mbali, na Elysée, akisikia sufuria zikihamishwa, alimheshimu kwa mara ya kwanza kama fundi anavyomheshimu fundi mwingine.

Saa nne kasoro dakika tano alikaa. Moshi ulipenya mkeka, ukamtafuta macho. Rezo ilikuwa imejaa, vijiti vyote vinne. Viviane alimtambulisha kwa Kifaransa kizuri, akataja Kalemie, na watu wakapiga makofi.

Akaanza. Alieleza boti inayotoka bandarini na orodha yake ndani ya simu ya karani. Geuza. Alieleza namna orodha inavyojitunza yenyewe katikati ya ziwa. Geuza. Sauti yake ilitulia, na kwa dakika kumi na moja Elysée alikuwa na furaha, ingawa nyuma ya mkeka mama mkwe alikuwa akimwambia binti yake, kwa mnong'ono wa kijiji, yaani unaosikika hadi barabarani:

"Mwambie bwana yako anasema muzuri. Lakini apunguze kukohoa."

"Mama, hawezi kusikia sasa."

"Anasikia. Naona mabega yake kwenye mukeka."

Adrienne akacheka, akachukua ndoo kwenda kisimani. Elysée alikuwa anakaribia sehemu yake ya mwisho, ile iliyomla miezi mitatu: makarani wawili, hawana mtandao, wamebadilisha orodha ileile, kila mmoja kwa namna yake, watakapokutana, nani asadikiwe? Alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, fupi, na hakuwahi kuliona popote.

Hapo fundo la Anatole likaachia.

Mkeka ulianguka taratibu, bila kelele. Elysée aligeuka, kama mtu yeyote angegeuka, na hatua mbili mbele yake alikuwa Mama Blandine ameinama juu ya chungu, mwiko mkononi, akimtazama usoni. Walitazamana kwa muda ambao wote wawili baadaye walisema ulikuwa mfupi. Kisha kila mmoja akafanya kama alivyolelewa. Mama Blandine alijifunika kitenge kichwani, akakimbilia nyumbani. Elysée aliruka kigoda, akakimbilia kwenye migomba.

Hakukata simu. Hilo alijisifu nalo, kwa muda. Akiwa katikati ya migomba, akihema, macho chini, aliendelea na hotuba bila kuruka hata neno. Alieleza makarani wawili. Geuza. Akaeleza kwa nini mmoja asishinde tu kwa sababu kaandika wa mwisho. Geuza. Akatoa lile jibu, polepole, ili waliokuwa wakiandika waandike. Akashukuru. Akangoja makofi.

Alipoitoa simu sikioni, ilikuwa imekatika, kiooni hakuna hata kijiti kimoja.

Adrienne alimkuta palepale. Alikuwa ameweka ndoo chini, na mkononi alikuwa na kifuniko cha chungu.

"Kuku inaungua, Papa Bijou. Mbona jikoni hakuna muntu?"

"Mama yuko jikoni."

"Mama amejifungia nyumbani. Anasema wewe njo uko jikoni."

Elysée alifanya hesabu: dakika tisa. Kwa dakika tisa jiko lilikuwa wazi, na kigoda, na vijiti vyote vinne, wakati watu wawili wenye adabu wamejificha pande mbili za kijiji kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi.

"Nipe simu," alisema Adrienne, akaenda nayo jikoni. Alirudi akisoma, na kabla ya kufika alikuwa ameanza kucheka.

"Viviane anasema: 'Papa Elysée, tulikungoja dakika sita. Batu bote walidhani ile kunyamaza ni mfano wa kutokuwa na mtandao. Wamesimama, wamepiga makofi. Wanasema hotuba bora ya asubuhi.'"

"Hawakusikia."

"Wamesimama, nakuambia!"

"Hawakusikia ya mwisho, Adrienne! Hayo mengine kila mtu anayajua. Ile ya mwisho njo nilitaka waisikie."

Alisema kwa nguvu hata Anatole, aliyekuwa anakuja na mkeka begani kuomba msamaha, akabadili njia. Adrienne aliacha kucheka. Alikaa karibu naye, juu ya gogo, akapangusa majivu mkononi.

"Bon. Niambie mimi."

Elysée alifikiria makarani wawili, orodha mbili, picha kumi na nne zilizokuwa Lubumbashi.

"Ni ya kitaalamu," alisema.

"Basi kula."

Akaletewa kuku mzima, kama inavyotakiwa kwa mkwe, mweusi upande mmoja. Alianzia upande huo.