Donatien aliyetutobolea mapipa

Nimeisoma meseji ya mwanae mara nne, na bado nangoja aniambie amekosea namba. Donatien ametutoka, jamani. Donatien wa magazini, kule ghalani!

Wenzangu wa Likasi mtaandika hapa kwamba alikuwa mkorofi mwenye moyo mzuri. Ni kweli kabisa. Lakini mimi nilipaswa kumwomba msamaha tangu miaka ile ya tisini, na sikuwahi kumwomba.

Kwa vijana wasiojua: kiwanda chetu kilikuwa kinakufa huku tunakiangalia. Mishahara ilikatika, mabomba ya kambi ya wafanyakazi yakakauka, wake zetu wakaanza kupanga foleni kijitoni na ndoo zao.

Ndipo wakubwa wakaamua kutugawia mapipa matupu ya dawa za kiwandani, yawe badala ya mshahara. Pipa la kuwekea maji! Usicheke, siku hizo mwenye pipa uani alikuwa tajiri.

Donatien ndiye alikuwa mtunza magazini. Kila pipa, kabla halijatoka, alilipindua akalitoboa kwa tindo na nyundo, matundu matatu chini. Ukilalamika, anakuongezea na hotuba.

"Kata utengeneze mbabula ya kupikia na makala, ao ufunike nayo nyumba. Lakini mayi, hapana! Hii kintu iko na sumu, hata uoshe mara kumi haitoke."

Tulimbandika jina: Papa Tobola. Watoto walimwimbia njiani, naye akawatishia kwa tindo huku akicheka.

Mkubwa mmoja alimwambia mbele yangu: "Donatien, pipa ikisha kupita mulango, haiko tena mambo ya kampuni."

"Chef, nyuma ya mulango kule njo kwa batoto yetu," akajibu. Mkubwa akaenda zake.

Mimi nilikuwa mjumbe wa wafanyakazi, délégué. Siku moja alinivuta pembeni, akafungua pipa lililokwisha kuoshwa, akaninusisha. Harufu ilinipanda mpaka kichwani.

"Weye njo délégué. Ubaambie batu. Weye batakusikia, miye banachoka na miye."

Ningeweza kuwaambia. Lakini watu walikuwa na hasira, na mimi nilipenda kupendwa.

Nikawaandikia wakubwa barua kwamba Donatien anaharibu mali ya wafanyakazi, aondolewe magazini. Kalamu ilikuwa yangu, na kila neno lilikuwa langu. Wenzangu walitia sahihi tu, wakanipigia makofi.

Wakubwa wangekataa nini? Alifukuzwa, na nyumba ya kampuni ikaenda pamoja na kazi. Mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote akahamia njia ya Kakanda kulima mihogo na kuchoma makaa.

Mimi nikapata mapipa mawili mazima.

Binti yangu Béa alikuwa na miaka minne. Alitapika wiki mbili, midomo ikababuka. Nesi aliniuliza swali moja tu: "Mayi munaweka wapi?"

Nilirudi nyumbani nikayatoboa yote mawili kwa mkono wangu. Majirani wakauliza kulikoni. Nikasema yameliwa na kutu.

Kutu! Kusema sumu kulikuwa kukiri kwamba Donatien alikuwa na haki, na hilo lilinishinda. Majirani wakaendelea kuchota kwenye mapipa yao. Msimu mzima niliwasikia wakilalamika tumbo, nikapita mlangoni kwao kila asubuhi nikiwasalimu vizuri.

Donatien alisikia mtoto wangu anaumwa. Akaja kwa miguu kutoka shambani, na kikapu cha viazi vitamu. Pale uani akayaona mapipa, na matundu yake.

Nilijua sasa atanisema. Nilitamani anitukane, Mungu anajua.

"Mutoto anakula?"

"Anakula kidogo."

"Bon. Umupikie hii, iko tamu."

Basi. Tukanywa chai, nikamsindikiza hadi barabarani, tukaongea habari za mvua. Nikarudi nyumbani sijamwomba msamaha.

Baada ya hapo tumeonana mara ngapi? Misani, harusini, kwenye matanga ya wengine. Kila mara "Délégué, habari ya batoto?" na kila mara nikasema nitamwambia wakati mwingine. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshaota mvi.

Dona, ndugu yangu. Ulikuwa na haki, na mimi nilijua kabla sijaandika barua ile. Nilikunyang'anya kazi na nyumba ili nipigiwe makofi. Nisamehe. Na ninyi majirani zangu wa kambini, popote mlipo: haikuwa kutu.

Kesho tunakuzika. Mwanao ameniomba niwe mmoja wa kubeba jeneza, kwa sababu eti mimi ndiye rafiki yako mkubwa wa kazini.

Nimemtumia maandishi haya kwanza, kabla ya kuyaweka hapa. Ameyasoma. Hajajibu.

Akinikataa, nitatembea nyuma ya watu wote. Pumzika salama, Dona.